Mbona wa Kwako Hakupona?

Nimeshalizoea. Nikimaliza kuzungumza na akina mama kliniki na kuuliza kama kuna mwenye swali, kimya kinapita kidogo, watu wanatazamana, wengine wanajifanya wanawafunga watoto kanga vizuri. Halafu anatokea mmoja, mara nyingi bibi aliyemleta mjukuu, anauliza kile ambacho benchi zima linakiwaza: "Sasa samahani, mwanangu. Unasema kansa ya watoto inatibika. Mbona wa kwako hakupona?"

Siyo swali baya. Mwenye kipara akikuuzia dawa ya kuotesha nywele, una haki ya kumtazama kichwani kwanza. Na mimi nasimama mbele ya watu nasema watoto wenye kansa wanapona, wakati mwanangu tumemzika. Nani aniamini?

Nesi hunipa dakika kumi, kabla watoto hawajaanza kupimwa uzito, kwa hiyo jibu langu pale huwa fupi. Hapa nataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu naona jibu la swali hilo lina faida kwa mzazi kuliko mabango yote tunayobeba mwezi wa tisa.

Mwanangu alikuwa na miaka 6, umri wa kung'oka meno. Alikuwa ameshatupa mawili juu ya bati, kama wanavyofanya watoto wa mtaani kwetu, na pengo lake alikuwa anajivunia. Kwa hiyo jino la nyuma lilipoanza kucheza na shavu la kushoto likaumuka kidogo, hakuna aliyeshtuka. Zahanati walimtazama, wakampa dawa, akamaliza dozi, na siku chache baadaye jino likang'olewa. Shavu halikushuka. Tukaenda kituo kingine, likang'olewa jino la pili, dawa zikabadilishwa. Shavu likaendelea kupanda. Kufikia wiki ya tano jicho la upande ule lilikuwa limeanza kusukumwa nje, meno yote ya kushoto yanacheza, na akicheka mdomo unakwenda upande. Ajabu ni kwamba hakuwa analia maumivu. Alikuwa anataka kwenda kucheza mpira.

Niliseme hili mapema ili tusipotezane: mzazi anayempeleka mtoto kung'olewa jino linalocheza hajakosea kitu. Hata mtabibu wa zahanati, anayeona meno mabovu ya watoto kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa, ana sababu ya kuona jino pale penye jino. Ugonjwa wenyewe ndio mjanja. Unapita kwenye mlango wa kitu cha kawaida kabisa, kwa mtoto wa umri ambao kitu hicho kinatarajiwa.

Kwenye hospitali kubwa alipigwa picha, akakatwa kinyama kidogo kikapelekwa maabara, na baada ya siku kadhaa jina likaja: limfoma ya Burkitt. Daktari alivuta kiti akakaa. "Mama," akasema, "hii ni kansa. Lakini nikwambie na la pili, usije ukaondoka hapa na moja tu. Katika kansa, hii ni katika zile zinazosikia dawa."

Inasikia dawa. Nimekua nayasikia maneno hayo kuhusu malaria, kuhusu kidonda, kuhusu homa ya mtoto: huyu anasikia dawa, yule hasikii. Sikuwahi kuyasikia yakikaa karibu na neno kansa. Kansa niliyoijua mimi ni ile ambayo mtu akitajiwa, ndugu wanaanza kuulizana nani atamchukua mtoto wake mdogo.

Dripu ya kwanza ilianza jioni. Daktari alikuwa ameshatueleza na jambo la kutisha, bila kuficha. Uvimbe wa mwanangu haukuwa wa shavuni peke yake; tumboni nako ulikuwapo, na ulikuwa mkubwa. Uvimbe mkubwa ukifa kwa pamoja, takataka zake zote zinamwagika kwenye damu, na kazi ya kuzitoa ni ya figo. Figo za mtoto zinaweza kuelemewa. Ndiyo maana alikuwa anatiwa maji mengi kwenye mshipa, na mimi nikapewa kopo la kupimia mkojo na karatasi ya kuandika.

Kuanzia siku ya pili mambo mawili yalikwenda pamoja. Shavu lilianza kushuka. Mkojo nao ulianza kupungua. Karatasi yangu ilikuwa na safu ya saa na safu ya kiasi, na tarakimu za safu ya pili zilikuwa zinazidi kuwa ndogo wakati sura ya mwanangu inarudi. Siku ya tano jicho lilikuwa limerudi mahali pake. Baba yake alipoingia saa ya kuona wagonjwa alisimama miguuni pa kitanda, akamtazama, akasema, "Huyu sasa ndiye mwanangu." Siku ya nane, alfajiri, mtoto akafariki. Tulimzika akiwa na sura yake.

Basi jibu langu linaanzia hapo. Mwanangu hakufa kwa sababu dawa ilishindwa na kansa. Dawa iliushinda ule uvimbe mbele ya macho yetu, kwa haraka ambayo sijawahi kuiona hata kwa dawa ya kikohozi. Kilichokosekana ni muda. Limfoma ya Burkitt ni miongoni mwa uvimbe unaokua kwa kasi kuliko wowote ule kwa binadamu. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Kwa ugonjwa wa namna hiyo, mtoto wa wiki ya kwanza na mtoto wa wiki ya tano wanaweza kuwa na jina moja la ugonjwa kwenye faili, lakini hawaingii wodini wakiwa wagonjwa sawa.

Kitanda cha jirani alikuwapo binti wa miaka 5 kutoka mikoa ya kusini, ugonjwa uleule, kwake ulikaa tumboni. Nesi wa zahanati ya kijijini kwao alimbonyeza tumbo siku ya kwanza tu, akamwambia mama yake: "Hili silijui. Panda gari." Maneno manne. Mama wa watu akakopa nauli akapanda gari. Binti alimaliza mizunguko yake yote ya dawa, nywele zikatoka, zikaota tena, akarudi kwao. Mama yake alinipigia simu alipoanza darasa la kwanza. Hakujua aniambieje, akaanza kwa kuomba radhi. Nikamwambia asiombe radhi, aniambie amevaa soksi za rangi gani.

Kwa hiyo bibi akiniuliza mbona wa kwangu hakupona, namwambia nina ushahidi wa watoto wawili, siyo mmoja. Na kilichowatenganisha ni "panda gari."

Baada ya arobaini nilirudi kazini. Kazi yangu ni uandishi wa habari, kuulizauliza ndiko kunakonilisha, na nikaanza kuliulizia lile jina la kigeni lililokuja nyumbani kwangu. Nilidhani nitaishia Ulaya. Nikaishia Kampala.

Burkitt lilikuwa jina la mtu, Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi Hospitali ya Mulago. Mwaka 1957 aliitwa wodini kumwona mtoto aliyevimba taya kila upande, juu na chini. Hakuelewa. Muda si mrefu, akiwa hospitali ya Jinja, akamwona mtoto mwingine mwenye uso wa aina ileile, na alipompima akakuta na tumbo limevimba. Mmoja ni ajabu. Wawili wanaanza kuwa habari. Akarudi kwenye mafaili ya hospitali na kuwakuta wengine, ambao kila mmoja alikuwa ameandikwa peke yake kama tatizo la taya, la tumbo, la jicho. Mwaka 1958 akachapisha maelezo kwamba huu ni ugonjwa mmoja.

Alichofanya baada ya hapo ndicho kilichonikamata. Alitengeneza vikaratasi vyenye picha za watoto wale, akavisambaza katika hospitali za nchi mbalimbali za Afrika, akiuliza: mmewahi kuona hii? Mwaka 1961 yeye na madaktari wenzake wawili walichukua gari kuukuu wakatoka Kampala kwenda kusini, safari ya maili kama 10,000, wakisimama hospitali hadi hospitali, wakionyesha picha na kuuliza swali lilelile. Wakarudi na ramani. Uvimbe ulifuata joto na mvua. Kwenye nyanda za juu zenye baridi haukuonekana sana. Ilikuwa ramani inayofanana mno na ya malaria, na leo inafahamika kwamba malaria ya mara kwa mara ina mkono wake katika ugonjwa huu, pamoja na kirusi kiitwacho Epstein-Barr, ambacho kiligunduliwa London mwaka 1964 katika vipande vya uvimbe vilivyosafirishwa kutoka Uganda.

Tena wakati huo dawa za kansa zilikuwa ndiyo kwanza zinajaribiwa duniani. Burkitt akapata kiasi kidogo, akawapa watoto wa Mulago, na baadhi yao uvimbe ukayeyuka kwa dozi chache tu, ukaenda moja kwa moja. Hii ikawa moja ya saratani za kwanza kuonekana zikiponywa kwa dawa peke yake, bila kisu. Mwaka 1967 ikaanzishwa pale Kampala sehemu maalumu ya kuitibu, ambayo ndiyo chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda.

Soma tena aya hiyo taratibu, kama nilivyoisoma mimi usiku wa manane nikiwa na karatasi ya mkojo bado kwenye mkoba. Sehemu ya yale ambayo dunia inayajua kuhusu kuponya kansa kwa dawa, ilijifunza kwa watoto wa huku kwetu, wenye mashavu kama la mwanangu. Zaidi ya miaka 60 imepita. Elimu ilipanda ndege, ikaenda, ikawafaa watoto wengi wa huko. Sisi ambao ugonjwa ni wetu, bado tunang'oa meno.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watoto na vijana wapatao 400,000 wanapata saratani. Katika nchi tajiri, zaidi ya asilimia 80 ya watoto hao wanapona. Katika nchi nyingi maskini na za kipato cha kati wanaopona hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 shirika hilo lilianzisha mpango wa kimataifa, kwa lengo la kufikisha angalau asilimia 60 ifikapo mwaka 2030, na limfoma ya Burkitt ni mojawapo ya aina sita za saratani zilizopewa kipaumbele. Asilimia 80 na 30. Sababu zinazotajwa ni zile ambazo mtu yeyote aliyelala chini ya kitanda cha mtoto wodini anaweza kukutajia: kuchelewa kugundulika, kugundulika kwa jina la ugonjwa mwingine, dawa kutopatikana, gharama, na wazazi kukatisha matibabu katikati.

Hili la kukatisha nilikuwa nalisikia kama ujinga wa watu wa mbali. Wodini nikaliona likiwa na sura ya baba mmoja mpole. Mwanawe aliingia na shingo imevimba, baada ya mzunguko wa pili ikawa nyembamba kama ya mtoto yeyote. Baba akampakatia vitu vyake. Nesi akamwambia, baba, hajamaliza, ndani bado upo. Akajibu kwa heshima kabisa kwamba anaona kapona, na nyumbani ameacha wengine wanne, shamba linaota majani, na hela ya nauli aliyobaki nayo inatosha kwenda tu. Hakuwa mbishi. Alikuwa amepiga hesabu, na katika hesabu yake mtoto aliyeonekana mzima alikuwa ndiye pekee asiyehitaji tena hela. Dawa kusikiwa haraka namna ile, kumbe nako kuna hatari yake: macho yanapona kabla ya mwili.

Huyo baba hakuhitaji kuogopeshwa. Alihitaji nauli ya kurudi, na mtu wa kumwambia kabla, siku ya kwanza, kwamba utafika wakati utaona kapona na wakati huo ndio wa kung'ang'ania. Ndiyo maana naheshimu sana watu wanaofanya kazi ndogondogo zinazozunguka dawa. Muhimbili kuna wodi ya saratani ya watoto, na shirika la Tumaini la Maisha linafanya kazi na hospitali kuhakikisha mtoto hakosi matibabu kwa sababu mzazi hana kitu. Bugando kule Mwanza na KCMC Moshi nako watoto wanatibiwa, kama ilivyo Kenyatta, Nairobi, na Mulago, Kampala. Sisemi mambo ni mepesi. Nasema mlango upo, na watu wengi wanaofika mlangoni hapo wamechelewa kwa sababu hakuna aliyewaambia kuna mlango.

Kwa nini hakuna aliyewaambia? Hapa narudi kwenye misiba yetu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nadhani wahenga hawakukaa sana kwenye maturubai ya siku hizi, maana kwetu hata kifo hakiumbui. Mtu anakuja kukupa mkono, anauliza, "Kwani alikuwa anaumwa nini?" na kabla hujafungua mdomo shangazi ameshakujibia: "Alikuwa anaumwa tu, kazi ya Mungu haina makosa." Mwuliza swali anainamisha kichwa. Amefarijiwa, na ameondoka bila kujua chochote. Nawapenda shangazi zangu, na maneno yao yalinishikilia siku zile ambazo nisingeweza kusimama. Lakini katika msiba ule walikuwapo wazazi kama mia moja, wenye watoto wa umri wa kung'oka meno, na wote walirudi makwao na "alikuwa anaumwa tu."

Sisi waandishi tunafanya vilevile kwa lugha iliyopigwa pasi. "Baada ya kuugua kwa muda mfupi." Na tunapoamua kuandika, tunaandika "saratani", neno zuri, neno la taarifa ya habari, ambalo mama wa sokoni akilisikia anadhani linamhusu mtu mwingine. Yeye anajua kansa. Kliniki nasema kansa. Halafu kuna kalenda: tarehe 4 Februari, Siku ya Saratani Duniani, tunakumbuka matiti, shingo ya kizazi na tezi dume, kama inavyostahili. Tarehe 15 Februari ni siku ya saratani ya watoto, na mara nyingi inapita bila hodi. Nilipopendekeza kuandika, mhariri mmoja aliniambia kwa nia njema tu, "Tafuta aliyepona, itavutia zaidi." Nilimtafuta, nikamwandika, na ile soksi nikaiweka. Ila hadithi ya aliyepona inakuacha na faraja. Ya aliyefariki inakuachia tarehe. Inakuonyesha ni wiki ipi mlango ulikuwa bado wazi.

Ukimya una mtoto wake, naye ni lawama. Mahali ambapo ugonjwa hauelezwi, lazima apatikane mwenye makosa. "Mtoto mdogo hivi kansa kaitoa wapi?" Watu wanajua kansa ni ya sigara, ya pombe, ya uzee, mtoto hajavuta wala hajazeeka, basi kuna mkono wa mtu. Nimeshakutana na mama aliyetengwa na wifi zake eti kuna deni la ukoo hajalipa. Mwingine majirani waliwazuia watoto wao wasicheze na wake. Kwa hiyo nasema, tena narudia mpaka koo linauma: kansa ya mtoto haiambukizi. Nyingi hazina uhusiano wowote na alichokula mtoto au alichofanya mama. Hata kile kirusi nilichokitaja, watu wengi sana duniani wanacho mwilini na kinakaa kimya maisha yao yote. Mtoto hajaleta aibu. Ameleta ugonjwa, na ugonjwa unapelekwa hospitali.

Na nawaambia cha kutazama, kwa sababu tepe ya dhahabu ya mwezi Septemba, hata ikipendeza vipi, haimwambii mzazi atazame wapi. Tazama jicho. Ukimpiga mtoto picha kwa simu yenye mwanga na mboni moja ikawaka nyeupe kama ya paka, usisubiri ya pili. Pima tumbo wakati unamwogesha: ukigusa kitu kigumu upande mmoja, nenda, na usikibonyezebonyeze. Homa isiyokwisha, wakati malaria imeshapimwa na kutibiwa, na mtoto anazidi kuwa mweupe viganjani na ana michubuko ambayo hakuanguka. Tezi za shingoni zinazokua wiki hadi wiki. Kichwa kinachomwamsha asubuhi na kutapika. Mguu unaouma usiku bila kuumia mchana. Na lile langu, ambalo nimelinoa mpaka likawa sentensi moja: jino likishatoka na shavu likaendelea kuvimba, siyo jino tena.

Mara nyingi itakuwa kitu kingine. Hilo nalo nalisema, kwa sababu sitaki kuwarudisha akina mama nyumbani na hofu mpya mgongoni pamoja na mtoto. Tezi nyingi ni tezi tu. Meno mengi ni meno. Ninachoomba ni kwamba dozi ikiisha na hali haijageuka, mzazi arudi, na akirudi awe na ujasiri wa kuuliza, "Daktari, inaweza kuwa nini kingine?" Ni swali la adabu, halimvunjii mtu heshima, na linampa nafasi mtabibu wa kusema yale maneno manne.

Pamoja na hayo yote, nina picha. Ni ya wiki ya tatu, imo kwenye simu. Mwanzoni nilikuwa naionyesha yote, na habari zikamfikia mama mkwe, Morogoro. Alinipigia. Hakupandisha sauti, hapandishi sauti kamwe. "Mama," akaniambia, "mtoto tumemlaza. Mwache alale. Unamtembeza kwenye simu kama kitambulisho." Nilimjibu kwamba nimemsikia. Usiku mimi na baba yake tulikaa tukaitazama ile picha kwa muda mrefu, ndiyo mara yetu ya kwanza kuitazama pamoja. Yeye ndiye aliyechukua simu akaikata: kuanzia chini ya macho hadi kidevuni. Ikabaki shavu, na kola ya fulana ya njano. Haina jina, haina macho. Tangu hapo ndiyo ninayoitumia. Kwa macho ya mtu mwingine ni shavu la mtoto yeyote, na hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Burkitt alikuwa na picha zake na gari kuukuu. Mimi nina yangu na daladala. Swali ni lilelile: mmewahi kuona hii?

Miezi kadhaa ikapita. Jumapili moja mama mkwe akapiga tena. Akauliza habari za kazi, za mvua, za bei ya mchele Dar. Nikajua kuna jambo. Mwisho akasema jirani yake ana mjukuu, shavu limevimba, wamemng'oa jino Jumanne na bado halijashuka. Akanyamaza. "Ile picha yako ya shavu," akasema, "nitumie. Nitamwomba kijana wa dukani anifungulie."

Nikaituma. Kesho yake asubuhi walimpeleka mtoto hospitali ya wilaya, mama mkwe naye akaenda nao, akakaa kwenye foleni mpaka saa nane mchana. Jioni akanipigia. Ilikuwa jipu. Kipande cha mzizi kilibaki ndani, kikatunga usaha, wamekitoa, mtoto anakula uji.

"Lilikuwa jino tu," akaniambia.

Nikamwambia nimefurahi, Mama, nimefurahi sana.

Akakaa kimya kidogo, nikawa nasikia redio yake inavyokwaruza nyuma.

"Basi hiyo picha," akasema, "usiifute."